Kuni za Julai Hukatwa Januari

Somo la toleo hili ni kuota moto nyumbani. Huenda ukaona limekuja mapema, kwa kuwa Januari jua linawaka Ol Kalou mchana kutwa na hakuna anayefikiria makoti mazito. Lakini mkazi wa Kinangop, Kipipiri au Ndaragwa anayengoja Juni ndipo atafute kuni atapata kuni mbichi, na kuni mbichi ndizo zinazojaza nyumba moshi.

Tuanze na maji. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukibeba mzigo wa kilo 20 wa kuni mbichi, umebeba takriban lita 10 za maji, yaani nusu ya mtungi wa kawaida. Moto lazima uyachemshe maji hayo na kuyageuza mvuke, na joto linalofanya kazi hiyo halikufikii wewe. Kuna hasara kubwa kuliko hiyo. Kuni zikipata joto hutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka na kufanya mwali. Maji yakiupoza moto, gesi hutoka bila kuwaka, zikiwa moshi mzito. Moshi ule unaowatoa watoto machozi ni kuni zako ambazo hazikuungua.

Kuni nzuri ya kuota ina maji yasiyozidi asilimia 20 hivi. Kwa kuni zilizopasuliwa na kupangwa vizuri, kufika hapo huchukua kama miezi sita. Hesabu kutoka Januari uone unafika mwezi gani. Januari na Februari zina jua na upepo, na mvua ndefu za Machi hadi Mei zitakuta kuni zimeshapunguza maji mengi, mradi zimefunikwa.

Pasua kwanza, kwa sababu gome huzuia maji kutoka. Mkaratusi upasuliwe ungali mbichi. Ukishakauka ni mgumu mno na shoka litaruka. Muwati hupasuka vizuri na makaa yake hudumu. Saiprasi ni nyepesi, hushika moto haraka na hurusha cheche, kwa hiyo itumie kuwashia. Mgrivilea wa mpakani hauhitaji kukatwa wote: ukipogoa matawi yake sasa, mahindi yatapata mwanga na wewe utapata kuni. Ukitaka kuokota kuni kavu katika msitu wa Aberdare, pata kwanza kibali katika kituo cha misitu kilicho karibu nawe.

Panga kuni juu ya mawe au vipande vya mbao, zisiguse udongo, na uache nafasi upepo upite. Funika juu kwa bati. Pande ziache wazi. Rundo lililozungushiwa karatasi ya nailoni pande zote huota ukungu.

Utajuaje zimekauka? Tumia mizani ile ya kupimia viazi. Chagua vipande vitano, vitie alama, vifunge pamoja na uvipime. Andika uzito, kisha rudia kila baada ya wiki mbili. Uzito ukiacha kupungua, na hali ya hewa ni kavu, kuni ziko tayari. Asiye na mizani agonganishe vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mdundo mzito. Mizani ni bora.

Sasa tuje kwenye moto wenyewe. Baridi yetu inauma, na usiku wa Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 10, lakini si baridi ya nchi za theluji inayohitaji moto usiku kucha. Kosa tunalolifanya wengi ni kuweka gogo nene jioni, kulibana hewa, na kuliacha lifukute mpaka asubuhi. Moto wa kufukuta hutoa joto kidogo na moshi mwingi, na masizi yenye lami huganda ndani ya bomba hadi siku yanaposhika moto. Washa moto mdogo wenye mwali mkali, kwa kuni nyembamba, kwa saa mbili au tatu mkiwa macho. Kisha uzimike kabisa kabla ya kulala. Joto litakaa zaidi kama nyumba ina dari, maana chini ya bati tupu hewa ya moto hupanda na kutoroka. Ziba nyufa za mlango wa chumba cha kulala, lakini usizibe kamwe matundu ya hewa ya chumba chenye moto. Kitandani, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa inatosha.

Jiko la kuni ndani ya nyumba liwe na bomba linalotoka juu ya paa na kupita kilele chake, lisiloguswa na mbao popote. Lisafishwe kabla ya Juni, na mara nyingine katikati ya msimu.

Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala, hata kwa dakika chache za “kupasha hewa”. Makaa mekundu hayana moshi, ndiyo maana watu huyaamini, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na anayelala huvuta hadi asiamke. Sufuria ya maji kando ya jiko haiinyonyi. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Watu wa nyumba moja wakipata dalili hizo pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, msidhani ni homa. Tokeni wote nje, fungueni milango, piga simu 999 au 112, na mgonjwa apelekwe hospitalini hata kama anasema amepona.

Usichome nguzo za fensi zilizotiwa dawa, kwani baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo hubaki kwenye majivu. Majivu ya kuni safi yanafaa shambani, ila si kwenye viazi, kwa sababu huchochea ugonjwa wa upele. Yaweke kwanza kwenye debe la chuma lenye kifuniko, mbali na ukuta wa mbao, kwa siku mbili au zaidi. Kaa lililofukiwa ndani ya majivu linaweza kuwa hai kesho yake jioni.