Fizi Zinapouma: Visababishi, Matunzo na Tahadhari kwa Mlaji

Maumivu ya fizi ni miongoni mwa maradhi ambayo watu huyavumilia kwa muda mrefu kabla ya kutafuta msaada. Damu ikionekana kwenye mswaki, wengi hudhani ni jambo la kawaida. Fizi zikivimba, hununua dawa yoyote iliyosifiwa na jirani au muuzaji. Hasara ya mwenendo huo huja polepole, lakini ni kubwa: fedha hupotea kwa dawa zisizogusa chanzo, na meno yasiyo na tundu hata moja hulegea na kung'oka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wanaugua maradhi ya fizi yaliyofikia hatua ya kuharibu mfupa unaoshikilia meno. Katika somo hili tunaeleza visababishi vya maumivu hayo, mambo ambayo mlaji anaweza kuyafanya nyumbani, na mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha yake.

Ufizi wenye afya

Ufizi wenye afya huwa imara, umelishika jino barabara, na hautoi damu unapopigwa mswaki. Rangi peke yake si kipimo cha kutosha. Kwa watu wengi wenye ngozi nyeusi, fizi huwa na mabaka ya rangi ya kahawia au nyeusi tangu utotoni, na hilo si ugonjwa. Dalili za kuzingatia ni uvimbe, wekundu mpya, damu, maumivu, harufu mbaya ya kinywa, usaha, na meno kuonekana marefu kwa sababu ufizi umerudi nyuma.

Kisababishi kikuu: ukoga na ugaga

Saa chache baada ya kupiga mswaki, vijidudu huanza kujenga utando laini juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Huo ndio ukoga. Usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa ugaga, yaani gamba gumu la manjano au kahawia. Ukoga huondoka kwa mswaki. Ugaga hauondoki ila kwa vifaa vya daktari wa meno.

Ufizi unaoguswa na ukoga kila siku huvimba na kutoa damu. Hatua hii ya kwanza hutibika kabisa. Ikipuuzwa, uvimbe hushuka chini ya ufizi, ufizi huachana na jino na kufanya kijishimo, na mfupa huanza kuliwa. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi wenyewe. Matibabu ya hatua hii huzuia uharibifu usiendelee, lakini ni nadra kurudisha vyote vilivyopotea. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba damu ndogo ya leo si ya kudharauliwa.

Hapa hutokea kosa ambalo tungependa wasomaji waliepuke. Mtu aonapo damu huacha kupiga mswaki mahali panapotoka damu, akidhani anapapumzisha. Kumbe anauacha ukoga uzidi, na damu nayo huzidi. Ifaacho ni kusafisha mahali hapo kwa upole, kwa mswaki laini, bila kuparuka. Ikiwa chanzo ni ukoga pekee, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili.

Visababishi vingine

1. Mswaki mgumu na nguvu nyingi. Kusugua kwa nguvu huchubua ufizi na kuufanya urudi nyuma. Mkaa na chumvi kavu vikisuguliwa huleta madhara kama hayo.

2. Tumbaku ya aina zote: sigara, ugoro na ya kutafuna. Uvutaji hupunguza damu inayofika kwenye fizi. Kwa hiyo mvutaji huweza kuwa na ugonjwa mkubwa bila kuona damu. Kutoona damu kusimdanganye.

3. Kisukari. Sukari isiyodhibitiwa huzidisha maradhi ya fizi, na fizi zenye ugonjwa huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mwenye kisukari amweleze daktari wake hali ya fizi zake.

4. Ujauzito. Mabadiliko ya homoni huzifanya fizi zivimbe upesi kwa ukoga kidogo tu. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama. Mjamzito amjulishe daktari hali yake.

5. Baadhi ya dawa. Fenitoini ya kifafa na nifedipini ya shinikizo la damu huweza kukuza fizi. Mgonjwa asiache dawa hizo kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amweleze aliyemwandikia.

6. Upungufu wa vitamini C, ambao ukizidi huleta kiseyeye. Machungwa, mapera, maembe na mboga za majani mabichi hutosha kuukinga. Si lazima kununua vidonge.

7. Gego la mwisho linalotokeza kwa taabu, meno ya bandia yasiyokaa sawasawa, jipu la jino, na vidonda vya kinywa.

8. Upungufu wa kinga mwilini, ukiwamo unaoletwa na VVU. Fizi zikiuma sana ghafla, zikitoa damu zenyewe na harufu kali, mgonjwa amwone daktari bila kukawia.

Matunzo ya nyumbani

Piga mswaki mara 2 kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dakika 2 kila mara. Safisha katikati ya meno kwa uzi au kiburashi maalumu, kwa sababu mswaki haufiki huko. Mswaki wa mti, ambao wazee wetu wameutumia tangu zamani, husafisha vizuri ukichongwa laini na kupitishwa pande zote za meno. Hata hivyo hautoi madini ya floridi yaliyomo katika dawa ya meno, ambayo hukinga meno yasioze.

Kwa kutuliza maumivu, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja, kisha uyateme. Parasetamoli hufaa ikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi: huunguza nyama na kuongeza kidonda. Fahamu pia kwamba njia hizi hutuliza tu, haziondoi ugaga.

Unaponunua

Chagua mswaki wenye nywele laini, na uubadilishe kila baada ya miezi 3 au mapema nywele zikipinda. Kwenye dawa ya meno, soma kama ina floridi. Kiasi kinachofaa kwa watu wazima ni kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, jina na anwani ya mtengenezaji, na alama ya ubora. Tube iliyofunguka, maandishi yenye makosa, au bei ya chini mno kuliko ya maduka mengine ni dalili za bidhaa bandia.

Maji ya kusukutulia yenye klorheksidini husaidia kwa siku chache kwa maelekezo ya daktari, lakini yakitumiwa muda mrefu hutia meno madoa. Tangazo lolote linaloahidi kuponya fizi bila kusafishwa meno, au kuyeyusha ugaga, lisiaminiwe.

Kuhusu antibiotiki, tunaonya kwa uzito. Kununua amoksilini au metronidazoli bila cheti cha daktari kila fizi zinapouma ni kulipa mara nyingi kwa nafuu ya muda mfupi. Ugaga hubaki palepale, maumivu hurudi, na vijidudu huzoea dawa.

Kwa daktari wa meno

Huduma ambayo wengi wenye maumivu ya fizi huihitaji ni kusafishwa meno ili kuondoa ugaga. Wengi huiogopa kwa kuamini kwamba hulegeza meno. Ukweli ni kwamba meno hulegezwa na ugonjwa uliokula mfupa. Ugaga ukiondolewa, ulegevu uliokuwa umefichika huonekana, na ufizi hupata nafasi ya kupona.

Una haki ya kuelezwa tatizo lako kwa lugha unayoielewa, kutajiwa gharama kabla ya matibabu, kuuliza kama kuna njia nyingine, na kupewa risiti. Hakikisha anayekuhudumia amesajiliwa. Usikubali kung'olewa jino na mtu wa mtaani. Vifaa visivyotakaswa huweza kuambukiza homa ya ini na VVU.

Fizi za watoto

Mtoto anapoota meno, fizi huvimba kidogo na mate humtoka. Mpe kitu safi na baridi cha kuuma. Usimpake mtoto wa chini ya miaka 2 jeli ya ganzi yenye benzokaini, kwa kuwa huweza kuizuia damu kubeba hewa.

Kuhara na homa kali havisababishwi na kuota meno. Katika baadhi ya jamii zetu, mtoto mwenye dalili hizo huambiwa ana "meno ya plastiki", na fizi zake huchokolewa ili kutoa kitu cheupe. Kitu hicho ni jino changa la mtoto mwenyewe. Watoto wamepoteza maisha kwa kuvuja damu, kwa pepopunda, na kwa kucheleweshewa tiba ya kuhara kwenyewe. Mpe mtoto maji yenye dawa ya kuongeza maji mwilini na umpeleke kituo cha afya.

Dalili zisizosubiri

Nenda hospitali siku hiyohiyo ikiwa uso au shingo imevimba, una homa, unashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua. Fanya hivyo pia kwa mtoto dhaifu, hasa aliyetoka kuugua surua, mwenye kidonda cha ufizi, harufu mbaya na shavu lililovimba. Huenda huo ni ugonjwa uitwao noma, ambao hula uso kwa siku chache lakini hutibika ukiwahiwa. Kidonda chochote kisichopona kwa wiki 2, na damu ya fizi inayoendelea muda huo licha ya usafi mzuri, vichunguzwe na daktari.

Maswali ya kujikumbusha

1. Kwa nini si sahihi kuacha kupiga mswaki fizi zinapotoka damu?
2. Ugaga huondolewa kwa njia gani?
3. Ni mambo gani utakayoyakagua kabla ya kununua dawa ya meno?
4. Utamshauri nini mzazi aliyeambiwa mtoto wake ana "meno ya plastiki"?