Samaki wa Wifi Hana Hatia

*Mwanangu wa miaka tisa alikuwa mzima kabisa. Mwezi wa saba alirudi kutoka mtoni akisema miguu inamtetemeka, na kesho yake alishindwa kusimama. Sasa anatembea kwa vidole, magoti yamekakamaa na yanagongana. Hana homa, haumwi mgongo, na akili yake ni ileile. Siku nne kabla, wifi yangu alitoka Kolwezi na katoni ya samaki wa tomsoni, tukala wote. Ukoo wa mume wangu unasema samaki huyo wa baharini alikuwa na sumu, wengine wanasema alitiwa dawa, na wanataka wifi asikanyage tena hapa. Wapo wanaotaka twende kwa mganga. Mimi nimewakataza watoto wote kula samaki. Wanakula bukari ya muhogo na sombe ya majani yake tu, chakula ambacho ndicho tulichonacho tangu kiangazi kianze. Mihogo mingi tunaiuzia malori ya Kolwezi, na siku hizi tunailoweka usiku mmoja kwa sababu wanunuzi hawasubiri. Shangazi, je, bahari iliyo mbali hivi inaweza kumlemaza mtoto wangu?*
*Mama T., Kasaji*

Mama T., mwanangu,

Pole sana. Kumwona mtoto aliyekuwa akikimbia akishikilia ukuta ili asimame ni uchungu ambao mzazi hausahau. Umefanya vizuri kuniandikia kila jambo, hata hilo la kuloweka usiku mmoja, ambalo wengi wangeona haya kulitaja. Jibu la swali lako nimeliona hapo hapo. Lakini tuende taratibu.

Kwanza, hospitali

Barua haiwezi kumpima mtoto magoti. Kama bado hajaonwa na daktari, mpeleke wiki hii. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye miguu yake inakosa nguvu ghafla lazima achunguzwe kwa ajili ya polio, maana ugonjwa huo haujatoka katika nchi yetu. Polio huacha mguu umelegea, na mara nyingi huanza na homa. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho hulemaza, ila huja polepole na maumivu ya mgongo. Daktari atagonga chini ya goti. Mguu ukiruka kwa nguvu kupita kiasi, atajua kwamba shida iko juu, kwenye neva zinazotoka ubongoni, wala si kwenye misuli yenyewe.

Sumu ya baharini ipo, lakini si hii

Ukoo wa mume wako haukusema upuuzi mtupu. Bahari ina sumu zinazoua. Kisiwani Pemba, mwezi wa tatu mwaka 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa katika Kisiwa Panza, na wengine 78 wakapelekwa hospitali. Mwaka 2021, hukohuko Pemba, watu saba walikufa kwa nyama hiyo hiyo. Kuna pia samaki anayeitwa bunju, anayejijaza akawa mviringo akishikwa. Sumu yake haiishi hata ukimpika kutwa.

Ujue inavyofanya kazi, ili uweze kuwajibu wazee. Neva hupeleka ujumbe kwa umeme mdogo, na umeme huo hutokea pale chumvi ya sodiamu inapoingia ndani ya chembe kupitia vitundu vidogo sana. Sumu ya bunju huziba vitundu hivyo kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Ujumbe haupiti tena. Midomo na ulimi hufa ganzi ndani ya dakika chache au saa chache, mikono na miguu hulegea, na mwisho misuli ya kupumulia husimama mgonjwa akiwa bado anawasikia wanaomlilia. Anayevuka siku nzima akiwa hai, kwa kawaida hupona kabisa.

Sasa linganisha na mwanao. Alikula tomsoni siku nne kabla. Hakufa ganzi midomo. Miguu yake haikulegea, imekakamaa. Kilichompata hakijaondoka. Na ninyi nyote mlikula katoni ileile. Ni kweli kwamba tomsoni aliyeyeyuka barafu na kukaa joto muda mrefu anaweza kumletea mtu uso mwekundu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, lakini hayo huanza upesi baada ya kula na huisha kwa saa chache. Hayamwachi mtoto akitembea kwa vidole.

Ninachokishuku kiko ndani ya beseni la unga

Dalili ulizoandika zinafanana na ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, huko magharibi ya nchi yetu. Huja ghafla, hushika miguu yote miwili sawasawa, huikakamaza, kisha husimama hapo ulipofika. Huwapata zaidi watoto waliokwisha acha ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huonekana zaidi kiangazi, wakati chakula kingine kimepungua.

Chanzo chake ni muhogo mchungu ambao haukutolewa sumu vizuri. Ndani ya muhogo huo mna kitu kinachozaa sianidi. Kuuloweka siku kadhaa huivunja sumu, nayo huondoka na maji na hewa. Ukiuloweka usiku mmoja, sehemu kubwa hubaki na kuingia kwenye unga. Sianidi huzuia chembe za mwili kutumia hewa tunayovuta. Zinazoumia katika konzo ni neva za juu, zile zinazobeba amri ya kutembea kutoka ubongoni kupitia uti wa mgongo. Zikiumia, mguu haukosi wa kuukaza, unakosa wa kuulegeza.

Sikwambii jambo la kubuni. Katika baadhi ya vijiji vya Bandundu, wagonjwa walianza kuonekana mwaka 1974, barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipofika. Muhogo ukawa pesa, malori yakawa yanasubiri, na familia zikapunguza siku za kuloweka kutoka tatu hadi moja. Mwaka 1981, katika ukame, watu zaidi ya elfu moja walilemaa Nampula, Msumbiji, na daktari Hans Rosling kutoka Uswidi akafuatilia mpaka akafika kwenye muhogo. Mwaka 1985 ikawa zamu ya Tarime, Tanzania. Kila mahali ni hadithi moja: haraka au njaa iliingia kati ya muhogo na maji.

Umemfukuza mlinzi

Hapa, mwanangu, nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nina hofu na wadogo zake. Mwili una njia yake ya kuigeuza sianidi ili itoke na mkojo. Kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo tunaipata kwenye protini ya samaki, nyama, mayai, na pia maharage. Anayekula bukari ya muhogo na sombe peke yake, mwili wake hauna cha kujikingia. Ukiwakataza watoto samaki na kuwaachia unga uleule wa usiku mmoja, umeondoa kinga na kubakiza sumu.

Konzo haichagui mtoto mmoja ikasahau chungu chenyewe. Wote wanaokula hapo wako hatarini, na wewe pia. Hata aliyekwisha kushikwa anaweza kushikwa tena ghafla, vibaya zaidi, akiendelea na chakula hichohicho.

Njia zilizo mbele yako

Ukienda kwa mganga, utatoa mbuzi na pesa, mtoto atarudi vilevile, na bukari itabaki ile ile. Mtakuwa mmelipa bila kuziba tundu.

Ukikubali wifi afukuzwe, utakuwa umemtwika mwanamke mzigo wa uchawi ambao hautamtoka maisha yake yote. Unajua wanayotendewa wanaoitwa wachawi. Utakuwa pia umemfukuza mtu pekee aliyewaletea watoto wako chakula cha kuwalinda. Na mtoto wa pili akianguka, watatafuta mwingine wa kumshitaki. Huenda safari hiyo ukawa wewe.

Njia ya tatu ni kuurudishia muhogo siku zake. Itakugharimu. Lori moja au mawili yataondoka bila mihogo yako. Lakini siku mbili zilizookolewa mtoni, mtoto huzilipa kwa miguu. Na unayouza Kolwezi inaliwa na watoto wa wenzako. Zungumza na wanawake mnaouza pamoja, mkubaliane kwamba hakuna anayetoa muhogo wa usiku mmoja. Mmoja akisubiri peke yake, mnunuzi atakwenda kwa jirani. Mkisubiri wote, atasubiri naye.

Fanya hivi kuanzia leo

Loweka mihogo siku tatu kamili au nne, mpaka ilainike na kuvunjika kwa mkono. Wakati wa baridi ya kiangazi, ongeza siku, kwa sababu maji baridi hufanya kazi polepole. Ndipo uianike na kuitwanga.

Unga ulio nao sasa ndani ya nyumba usiupike hivihivi. Utie kwenye beseni, weka alama pale unga ulipofika. Mimina maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda, nawe uache kumimina unga ukirudi kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, uuache kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu itapanda na hewa. Upike siku hiyohiyo. Njia hii ilibuniwa na Howard Bradbury wa Australia, na mwaka 2010 akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, huko Popokabaka, walifundishwa kuitumia. Katika muda waliofuatiliwa, hapakutokea mgonjwa mpya. Inapunguza sana sumu, lakini haichukui nafasi ya kuloweka.

Changanya unga wa mahindi kila unapoupata. Maharage, karanga, samaki wa mtoni, tomsoni wa wifi: chochote kiwe pembeni ya bukari. Sombe itwangwe vizuri na ichemke sana, chungu kikiwa wazi.

Na huyo mtoto

Sitakudanganya, Mama T. Ikiwa ni konzo, hakuna dawa inayorudisha neva zilizokufa. Lakini ugonjwa hauendelei kumla. Mazoezi ya kunyoosha miguu kila siku, fimbo nzuri, na kwa baadhi ya watoto upasuaji wa kurefusha mshipa wa kisigino, huwasaidia kutembea vizuri zaidi. Muulize daktari kuhusu hayo. Mtoto arudi shule, abebwe kama ni lazima. Watafiti waliofanya kazi Kahemba, akiwemo daktari wetu Mkongo Désiré Tshala-Katumbay, wameonyesha kwamba sumu hii inaweza kugusa pia uwezo wa mtoto wa kujifunza, hata yule anayetembea vizuri. Kwa hiyo fuatilia masomo yake na ya wadogo zake.

Usijilaumu mpaka ukashindwa kufanya kazi. Ulifupisha siku ili watoto wapate chumvi, sabuni na ada ya shule, na hukuambiwa gharama yake. Sasa umeambiwa.

Mwite mume wako na wazee wa ukoo, uwasomee barua hii. Wifi aombwe radhi mbele ya watu walewale waliomtaja. Na kesho asubuhi mihogo iingie majini, isitoke kabla ya siku ya tatu kwisha, hata lori likipiga honi mlangoni.

Shangazi