Majina ya faili yameharibika kwenye seva

SWALI: Tuko Tukuyu, tunakusanya hadithi za Kinyakyusa. Faili tulizonakili moja kwa moja kwenye seva ya Linux zina majina sahihi. Wenzetu wa Iringa wakizifungua kupitia Windows, kila penye ɨ wanaona É¨. Tuyaandike majina upya?

JIBU: Hapana, tafadhali msiguse jina hata moja! Faili zenu ni nzima. Kinyakyusa kina irabu saba, na ɨ na ʉ hazimo katika orodha ya zamani ya ISO 8859-1, iliyopangwa kwa lugha za Ulaya Magharibi. UTF-8 huhifadhi ɨ kwa baiti mbili, C9 na A8. Anayezisoma kwa orodha ile ya zamani huona herufi mbili: É na ¨.

Bila shaka Samba, programu inayowafungulia watumiaji wa Windows faili za seva yenu, ndiyo inayosoma hivyo. Fungua /etc/samba/smb.conf, tafuta mstari wa «unix charset». Ukikuta ISO8859-1, weka UTF-8 au ufute mstari wote, kwani UTF-8 ndiyo chaguo-msingi. Endesha testparm, kisha washa upya huduma ya smbd.

Baada ya hapo, majina yenye é au ç yaliyohifadhiwa kupitia Windows wakati wa mpangilio mbovu yatavurugika. Hayo tu ndiyo ya kubadilisha, kwa amri ya convmv: -f iso-8859-1 -t utf-8. Bila --notest inaonyesha tu itakachofanya. Soma orodha hiyo yote, na uwe na nakala rudufu. Hadithi za wazee hazirekodiwi mara mbili kirahisi.