Kinga ya Mwili kwa Anayesafishwa Damu

Figo zinapofeli, taka hubaki kwenye damu na kudhoofisha chembechembe nyeupe zinazopigana na maradhi. Mashine huondoa sehemu tu ya taka hizo. Isitoshe, kila kipindi cha takriban saa 4 huwapa viini nafasi ya kupenya mshipani, hasa kwa mgonjwa aliyewekewa mpira shingoni au kifuani.

Kinga ikiwa dhaifu, maambukizi huweza kuja bila homa kali. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi, au mahali pa mpira pakivimba, pakiuma au pakitoa usaha, afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Wanaomtunza nyumbani wanawe mikono, bandeji isilowe, na apate chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwake huhitaji dozi kubwa zaidi.