Chumvi ni Kimiminika? Kwa Wanaokwenda BTP Shule za Msingi

Orodha ya vituo vya BTP ikibandikwa, lazima yupo atakayepangiwa Horohoro, na lazima wenzake watamcheka. Ni mpakani kabisa, Wilaya ya Mkinga, kilomita 65 hivi kaskazini ya Tanga mjini. Ukivuka tu upo Lunga Lunga, Kenya. Makala hii ni yake, na ya kila mdau wa elimu ya awali na msingi atakayefundisha yabisi na vimiminika kwa watoto wa miaka 5 hadi 8 bila maabara.

Tusidanganyane: wengi wetu tunalijua somo hili kama mistari miwili ya ubaoni. Yabisi ina umbo lake. Kimiminika hufuata umbo la chombo. Darasa linaimba, ticha anajaza andalio la somo, kengele inalia. Kisha mtoto mmoja wa nyuma ananyoosha kidole: "Mwalimu, chumvi nayo ni kimiminika? Mbona ukiimimina kwenye kikombe inakaa kama kikombe?"

Hapo ndipo ualimu unapopimwa. Mtoto huyo ameichukua fasili yako kama ulivyompa, akaipima kwa kitu cha jikoni kwao, ikakwama. Ni fikra nzuri kabisa. Dawa yake ni kuanza na mikono, majina yaje baadaye. Vifaa vyote hapa chini unavipata dukani au jikoni, hata kabla boom halijaingia.

Zoezi la 1: Kumimina
Kila kikundi kipewe maji, mafuta ya kula, chumvi ya mawe, mchanga, punje za mahindi, kokoto na sahani bapa. Kila kitu kimiminwe taratibu katikati ya sahani. Waulize: kipi kimetandaa, kipi kimejenga kichuguu? Maji na mafuta yatatandaa. Chumvi na mchanga vitasimama kama kilima. Sasa kila mtoto achukue punje moja ya chumvi, aiweke kwenye kikombe, kisha kwenye kifuniko cha chupa. Umbo halikubadilika. Watasema wenyewe: chumvi ni vijiwe vidogo vingi. Hapo ndipo uandike ubaoni neno "yabisi".

Zoezi la 2: Kipi kimeyeyuka?
Kiswahili chetu cha kila siku kina mtego. Barafu juani tunasema imeyeyuka; chumvi kwenye maji nayo tunasema imeyeyuka. Mtoto atadhani ni jambo moja. Weka juani vikombe vitatu: cha barafu tupu, cha chumvi tupu, na cha maji yaliyokorogwa chumvi. Barafu itageuka maji bila kuongezewa kitu. Ilihitaji joto tu. Chumvi tupu itabaki chumvi, hata ikikaa juani mchana kutwa. Ile iliyokorogwa imejificha ndani ya maji, imefanya mmumunyo. Mimina mmumunyo huo kidogo kwenye sahani, uuache dirishani siku kadhaa. Maji yatakauka, chumvi itarudi. Watoto wa mwambao wa Tanga hawahitaji picha ya kitabuni hapa: ndiyo kazi ya majaruba ya chumvi. Lita 1 ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na jua ndilo linaloitoa.

Zoezi la 3: Mafuta ya nazi
Hiki ndicho kifaa bora kuliko vyote. Mafuta ya nazi huganda karibu na nyuzi joto 24. Pwani mchana ni kimiminika, Lushoto asubuhi ni yabisi, na ni mafuta yaleyale. Chupa ndogo ya plastiki yenye mafuta hayo itumbukizwe kwenye beseni la maji ya barafu, watoto waitazame ikiwa nyeupe. Kisha waishike viganjani mpaka yalainike. Wanajifunza kwamba yabisi na kimiminika ni hali tu, na joto ndilo linaloamua.

Angalizo moja. Ukimimina maji kutoka kikombe kipana kwenda chupa nyembamba, wadogo wengi watasema maji yameongezeka. Jean Piaget, yule wa Uswisi tunayemkariri kwa ajili ya mtihani, alionyesha kwamba kabla ya miaka 7 hivi mtoto huhukumu kwa kimo. Usimgombeze. Mwache ayarudishe maji kwenye kikombe, mara kumi akitaka.

Kwa nini nasisitiza usicheke swali? Kwa sababu mkoa huuhuu una mfano wake. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto. Wakitengeneza aisikrimu, yeye aliyaweka maziwa kwenye friza yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba tu. Alimuuliza tena Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyetembelea shule yao, na wenzake wakaangua kicheko. Osborne aliporudi chuoni alitaka jaribio lifanyike. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo, linaloitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Angalia tofauti kati ya walimu hao. Osborne naye hakuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni utayari wa kujaribu.

Basi wewe unayekwenda Horohoro, kwenye andalio lako acha dakika 10 za maswali ya watoto, na weka akiba ya barafu, chumvi na vikombe. Wapo watakaouliza kwa Kidigo. Wasikilize hivyohivyo, tafsiri baadaye. Swali likikushinda, sema "tujaribu", kisha mjaribu kweli, siku hiyohiyo, kabla barafu haijaisha.