Ugenini, tazama moto na maji kabla ya kuketi mezani

MSAFIRI anayeshuka basi Mombasa alfajiri baada ya kusafiri usiku kucha kutoka Nairobi huwa na njaa na uchovu. Wenyeji wanajua hoteli zenye mahamri na mbaazi nzuri, na wanajua zile za kuepukwa. Mgeni hana habari hizo. Aghalabu huingia popote palipo karibu.

Kukosea hapo kunaweza kumgharimu zaidi ya bei ya chakula. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa kula chakula kisicho salama, na 420,000 hufa. Kati ya wanaokufa, 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Je, mgeni atajuaje pa kula?

Usidanganywe na sura

Wengi hupima hoteli kwa rangi ya ukuta na bei. Lakini mnamo Juni 2017, wajumbe wa kongamano la afya lililofanyiwa katika hoteli moja kubwa jijini Nairobi waliugua kipindupindu. Kwa upande mwingine, kibanda cha mabati kinachokaanga viazi karai mbele ya macho yako kinaweza kuwa salama.

Wingi wa wateja ni dalili nzuri kwa sababu chakula hakilali. Hata hivyo, si hakikisho. Kipindupindu hujitokeza baada ya saa chache hadi siku tano, na homa ya matumbo kwa kawaida baada ya wiki moja hadi tatu. Anayekula kwa furaha leo hajui atakavyokuwa juma lijalo.

Moto

Vijidudu huzaana upesi chakula kinapokuwa kati ya nyuzijoto 5 na 60, na joto la Pwani limo humo mchana na usiku. Baadhi yao wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Kwa hesabu hiyo, kijidudu kimoja huweza kuzaa zaidi ya milioni mbili kwa saa saba.

Kwa hivyo, chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto au friji kwa zaidi ya saa mbili. Mbaazi za nazi zikitokota juu ya jiko, kula. Zikiwa vuguvugu kwenye sufuria iliyoepuliwa tangu asubuhi, ziache. Samaki aliyekaangwa jana na kupangwa kwenye kabati la kioo pia mwache.

Wali wa jana una hatari ya pekee. Vijidudu fulani vya wali hutoa sumu ambayo haiharibiki hata ukipashwa moto upya. Ni heri kufika hotelini saa za chakula, wakati sufuria zinapotoka jikoni.

Maji

Mombasa hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mbali, katika vyanzo kama Mzima na Baricho. Mifereji inapokauka, wengi hununua maji ya mitungi yanayosukumwa kwa mkokoteni. Mteja hawezi kujua mtungi huo ulijazwa wapi.

Ndiyo sababu viazi karai vyenyewe vinaweza kuwa salama, lakini chatne inayomiminwa juu yake ikakuletea maradhi. Viazi vimepita katika mafuta yanayochemka. Chatne, kachumbari na barafu ya sharubati hazikupita motoni. Ukiwa mgeni, agiza chai ya moto, au dafu linalokatwa mbele yako. Tunda chagua lile unalolimenya mwenyewe.

Angalia pia vyombo vinavyooshwa. Sahani zote zikitumbukizwa katika karai moja la maji meusi, ondoka.

Mikono

Nchini Kenya wanaoshughulikia vyakula hutakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya. Cheti hicho ni muhimu, lakini hakioshi mikono. Isitoshe, kuna watu waliopona homa ya matumbo ambao huendelea kubeba vijidudu vyake bila dalili yoyote.

Anayepokea pesa asishike chapati kwa mkono huo huo. Mpishi mwenye kidonda kisichofungwa kidoleni asikuandalie chakula. Kabla ya kuagiza, omba kwenda msalani kunawa. Pakikosa maji na sabuni, basi wapishi nao wananawa wapi?

Namna ya kuuliza

Ukimuuliza dereva wa tuktuk ni wapi pazuri pa kula, huenda akakupeleka wanakopelekwa wageni. Muulize hivi: "Wewe mwenyewe hula wapi?" Kisha fika, usimame mlangoni na kutazama moto, maji na mikono. Hutahitaji zaidi ya dakika mbili. Usione haya kuondoka.

Ukiugua

Ukianza kuharisha, anza kunywa maji ya chumvi na sukari yanayouzwa dukani kwa pakiti. Ukiyakosa, changanya vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visifurike. Kunywa kidogo kidogo, mara kwa mara.

Nenda hospitali bila kukawia ukiona damu kwenye choo, homa kali, kuharisha maji mengi mfululizo, au kutapika kusikokoma. Mtoto aliyelegea, mwenye macho yaliyoingia ndani au asiyekojoa, asingojee kupambazuke.

Homa ikikushika wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, mwambie daktari ulisafiri wapi na lini, na ulikula nini. Usipomwambia, hataweza kujua kwamba maradhi yako huenda yalitoka ugenini.