SOMO KWA MAKATIBU: MZIGO WA PIKIPIKI NA DAFTARI LA CHAMA

Barabara ya lami hupanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, kiasi cha kilomita 33, na lori hupita humo. Lakini nyanya nyingi hutoka mabondeni, kwenye vijia ambako zamani mzigo ulikwenda kichwani na leo huenda kwa bodaboda.

Baadhi ya makatibu huandika malipo ya usafirishaji kwa safari. Safari si kipimo. Tuchukue mfano: pikipiki imepakia kilo 80 za nyanya kwa shilingi 4,000, yaani shilingi 50 kwa kilo. Kilo 16 zikipondeka njiani, zilizofika nzima ni 64, na kila moja imegharimu shilingi 62 na senti 50. Tofauti hiyo hulipwa na mkulima, wala haionekani daftarini.

Wapo watakaosema: basi na liongezwe tenga jingine. La hasha! Kwenye mteremko mzigo uliozidi huchosha breki, hata dereva anayeshuka kwa gia ndogo hushindwa kuuzuia, na mtu ni ghali kuliko nyanya.

Kwa hiyo daftari liwe na safu ya uzito uliopakiwa, uzito uliopokewa na saini ya dereva. Malipo yafuate kilo zilizofika nzima, na kikomo cha mzigo kiandikwe katika mapatano.

Na hasara ya njiani ni ya nani: mkulima, dereva au chama? Mkutano mkuu uamue kabla ya mavuno, si siku tenga limekwisha tumbukia korongoni.